Fundi, Umeiweka Wapi?

Ziko Mvumi mbili katika nchi hii, na asiyelijua hilo atapata taabu ya bure. Iko Mvumi ya Dodoma, ambayo watu wengi waifahamu kwa sababu ya hospitali yake iliyoanzishwa na wamisionari, na iko Mvumi yetu ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, nchi ya mpunga na mahindi, ambayo licha ya jina lake haivumi sana mbali na kwao. Na kana kwamba hayo hayatoshi, tumejaaliwa kuwa na jirani aitwaye Mvomero, jina ambalo karani mwenye haraka aweza kulisoma apendavyo. Kwa hiyo mtu wa kwetu aagizapo mzigo kutoka Dar es Salaam humshurutisha mpelekaji aandike anuani yote bila ya kupunguza neno, Mvumi, Kilosa, kupitia Dumila, maana mzigo ulioandikwa "Mvumi" pekee hushushwa katika Mvumi ya kwanza ambayo utingo anaijua, wala huwezi kumtia utingo hatiani.

Nimeanza na mizigo ilhali nakusudia kusema habari za kompyuta, kwa kuwa kompyuta, pamoja na sifa zote ipewazo, ni utingo tu. Uiambiapo ifungue kitu fulani, hutazama katika orodha ya mahali ilipofundishwa kutazama, moja baada ya jingine, na kitu cha kwanza chenye jina hilo ndicho ikichukuacho, hata kama ulichokikusudia kimelala mlango wa pili. Vitu viwili vyenye jina moja na umri tofauti vikiwa ndani ya mashine moja, kitakachotumika hakichaguliwi kwa ubora wala kwa upya, bali kwa mahali kilipowekwa.

Kikundi kimoja cha wakulima wa mpunga katika sehemu zetu, ambacho sitakitaja kwa kuwa wenyewe wangali wana haya ya jambo lile, kilipata kompyuta ya mtumba, kikamwita fundi kutoka mjini aje aitie programu ya kuandikia magunia yaingiayo na yatokayo ghalani. Fundi alikuja kwa bodaboda asubuhi na akaondoka kabla ya adhuhuri. Mama katibu alipomuuliza kazi imekwendaje, alijibu kwa bashasha, "Nimeshainstoli, mama, kila kitu kiko sawa," akapokea ujira wake, akarudi alikotoka. Mashine ile ilikuwa na watumiaji wawili, kila mmoja na jina lake na neno lake la siri: mama katibu, ambaye aliandika magunia kila jioni, na mzee mweka hazina, ambaye aliifungua mwisho wa juma ili ahakiki hesabu. Juma la kwanza lilipokwisha, mzee alifungua daftari lile la umeme akalikuta tupu, halina gunia hata moja. Akadhani hajui kulitumia. Juma la pili akajaribu kuandika mwenyewe yale aliyoyaona ghalani kwa macho yake, na mama katibu alipofungua siku iliyofuata hakuyaona maandishi hayo, bali aliyaona yake tu. Basi yakaanza maneno. Huyu akasema yule anafuta, yule akasema huyu anaficha, na watu waliokuwa wakipeana shikamoo na marahaba kwa miaka mingi wakafikishana mpaka kwa mtendaji wa kijiji kwa shutuma ya wizi wa magunia ambayo hayakuibwa na mtu.

Aliyewaokoa ni kijana mmoja aliyekuja likizo kutoka chuoni, naye hakufanya muujiza, aliuliza swali moja tu: programu hii inaweka wapi kumbukumbu zake? Ilidhihirika ya kuwa programu ile ilikuwa ya zamani, na aliyeitunga aliifundisha kuweka kumbukumbu ndani ya kabrasha lake yenyewe, au folda kama wasemavyo vijana, katika kile chumba cha Windows kiitwacho Program Files. Zamani jambo hilo liliruhusiwa, au kwa usahihi zaidi halikukatazwa. Lakini tangu toleo la Vista, lililouzwa kwa umma mwanzoni mwa mwaka 2007, Windows ilikataza programu isiyopewa idhini ya mwangalizi wa mashine kuandika katika chumba kile, na kwa kuzihurumia programu za kale ambazo hazikujua amri mpya, haikuzifukuza waziwazi, bali ilianza kuyachukua kimyakimya yale yaliyoandikwa na kuyatia katika kabrasha liitwalo VirtualStore, lililofichwa ndani ya faragha ya kila mtumiaji, huyu lake na yule lake. Kwa hiyo mama katibu alikuwa na daftari lake na mzee alikuwa na lake, yote mawili ya kweli, yote mawili pungufu. Huruma ya mashine ndiyo iliyowagombanisha wazee wetu.

Wako watakaosema kosa ni la Windows, na wako watakaosema ni la mtunzi wa programu. Mimi namlaumu fundi, wala simlaumu kwa kutojua, maana hakuna ajuaye yote. Namlaumu kwa kuondoka bila ya kusema ameiweka wapi. Na ajabu ni kwamba lugha yetu ilikwisha kumwekea swali hilo mdomoni. Neno tulilolichagua la kutia programu katika mashine ni kusakinisha, nalo latokana na sakini, yaani kukaa mahali na kupafanya pako, na ndugu yake wa karibu ni maskani. Asemaye ameinstoli ameweza kuliepa swali, bali asemaye amesakinisha amejitwisha mwenyewe wajibu wa kulijibu, kwani huwezi kudai umempa mtu maskani ukashindwa kuonyesha nyumba.

Programu haiji peke yake. Huja na moduli, yaani vile vipande vidogo ambavyo kimoja chajua kuchora majedwali, kingine chajua kusoma tarehe, kingine chajua kuzungumza na mashine ya kuchapia, navyo havina maana vikisimama pweke, kama mihimili na pau zisizoezekwa. Moduli moja yaweza kutumikia programu kumi, na programu moja yaweza kudai moduli mia. Ndipo linapozuka swali ambalo wenye kazi hiyo wamelijadili kwa miaka hamsini: je, moduli ziwekwe katika ghala moja la wote, kila programu ije kuchota, au kila programu ibebe zake katika kifurushi chake? Na jibu hubadilika kutoka mfumo endeshi mmoja hadi mwingine, kama vile desturi ya kupokea wageni inavyobadilika kutoka pwani hadi bara.

Desturi zenyewe, kama desturi nyingi za wanadamu, mara nyingine zimezaliwa na dhiki zikaja kupewa hekima baadaye. Mapema katika miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie, waliokuwa wakiunda mfumo wa Unix katika Bell Labs huko Marekani, waliijaza diski ya kwanza ya mashine yao, wakawa hawana budi kuimwaga ziada katika diski ya pili, ambamo watumiaji walikuwa wameweka vitu vyao; kabrasha la diski hiyo liliitwa usr, ufupisho wa neno la Kiingereza lenye maana ya mtumiaji. Programu zikaingia, watumiaji wakahamishiwa kwingine, jina likabaki. Leo hii kila mashine ya Linux, mfumo uliofuata mfano wa Unix, ina kabrasha lenye jina la mtumiaji ambamo hamna mtumiaji hata mmoja, na wanafunzi hukaririshwa sababu tukufu za mgawanyo ule ilhali asili yake ni diski iliyojaa. Ilichukua kama miaka 40 kabla ya baadhi ya wasambazaji wakubwa wa Linux, Fedora akiwa miongoni mwa wa mwanzo katika mwaka 2012, kuthubutu kuyaunganisha tena makabrasha yaliyotenganishwa na ufinyu wa siku zile.

Hata hivyo sidharau utaratibu uliotokana na hayo. Tangu mwaka 1994 watu wa Linux wamekuwa na waraka uelezao nini kikae wapi, na toleo lake la 3.0 la mwaka 2015 lasema bayana: kilicholetwa na mfumo kikae ndani ya usr, kilicholetwa na mwangalizi wa mashine kwa mkono wake kikae katika usr/local, ili mfumo ukijifanyia marekebisho usije ukakikanyaga, vifurushi vikubwa vijitegemeavyo viende opt, mambo yanayobadilika kila siku yakae var, na mali ya watu ikae home. Tazama jinsi mpango huo unavyofanana na nyumba iliyopangwa vizuri, ambamo mgeni hawekewi mkeka jikoni wala mahindi ya mbegu hayahifadhiwi barazani. Mfumo wa Mac nao una yake: programu hukaa Applications, wasaidizi wao hukaa Library, na tangu mwaka 2015 vyumba vya mfumo wenyewe vimetiwa kufuli ambayo hata mwenye mashine haifungui ila kwa kukusudia.

Windows ina kisa cha kuchekesha ambacho chatufaa sisi wenye lugha yetu. Katika matoleo ya zamani, hadi Windows XP, jina la kile chumba cha Program Files lilifuata lugha ya mashine, hata ikawa kwa Kijerumani chaitwa Programme, na jina hilo ndilo lililokuwa la kweli ndani ya diski. Watunzi wengi wa programu, kwa kudhani ulimwengu wote wasema Kiingereza, waliandika njia ya kufikia chumba hicho kama walivyoiona katika mashine zao, na programu zao zilipofika Berlin zikapotea njia au zikajijengea chumba kipya cha Kiingereza kando ya kile cha Kijerumani. Dawa ilikuwapo siku zote, nayo ni adabu tu: mgeni asikisie, aulize. Mfumo wenyewe una njia ya kuulizwa "chumba cha programu ki wapi kwako?" nao hujibu. Baada ya hapo Vista ikalifanya jina la kweli kuwa moja duniani kote, na tafsiri ikawa ni pazia la mbele. Nakumbuka kwamba katika mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipotoa programu za ofisi ziitwazo Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, wengi tuliona fahari kwa maneno yaliyoonekana juu ya kioo; wachache walifikiri juu ya majina yaliyo chini yake, ambayo programu huyasoma na mtu hayaoni.

Kuhusu simu sina haja ya kurefusha, maana kila mtu wa Mvumi ni mwanachuoni wa jambo hilo. Android iliporuhusu, katika mwaka 2010, programu zikae kwenye memori kadi, watu walifurahi kwa kuwa simu zao zilikuwa finyu. Kisha mtu akaichomoa kadi ampelekee rafiki yake amjazie nyimbo, akaona nusu ya programu zake zimegeuka vivuli. Hapakuhitajika darasa.

Lakini vijana wetu wanaojifunza kutunga programu wanahitaji darasa, nao nawaona wakilikwepa. Lugha ya Python, ambayo wengi wao huanza nayo, hutumiwa pia na Linux kwa kazi zake za ndani, hivyo katika mashine moja kuna mabwana wawili wanaochota moduli katika ghala moja. Kijana akisakinisha moduli mpya kwa ajili ya zoezi lake, aweza kuifunika ile ambayo mfumo uliitegemea, na kesho yake mashine ikaanza kuugua ugonjwa usio na jina. Kwa sababu hiyo Debian, naye msambazaji wa Linux, katika toleo lake la 12 la Juni 2023, ilianza kumkatalia kijana huyo na kumwelekeza ajijengee chumba chake mwenyewe cha moduli, kila kazi na chumba chake, ambacho akikivunja hakimdhuru mwingine. Mlango wa kulazimisha uliachwa, ila ulipewa jina ambalo kwa Kiswahili ni "vunja vifurushi vya mfumo", ili anayeupita asije akasema hakuonywa. Na mafundi wetu wafanyaje? Huyanakili maneno hayo kutoka katika video, wakayapachika katika kompyuta ya shule, wakasema imekubali! Kukubali kwa mashine si ushahidi wa usahihi wa jambo. Mlango uliovunjwa nao hufunguka.

Yuko atakayeniambia kwamba haya ni mambo ya mafundi, na kwamba mwalimu mkuu, au mganga wa zahanati, au katibu wa ushirika, hana sababu ya kujua kipande gani kimelala wapi. Laiti ingalikuwa hivyo. Mwezi wa Desemba 2021 ilitangazwa kasoro kubwa katika moduli moja ndogo iitwayo Log4j, ambayo kazi yake ni kuandika tu kumbukumbu za yanayotokea ndani ya programu, na kwa kasoro hiyo mtu wa mbali aliweza kuiamrisha mashine isiyo yake. Marekebisho yalipatikana kwa siku chache. Taabu iliyodumu ilikuwa nyingine kabisa: makampuni na serikali hawakujua moduli hiyo ilikuwa wapi kwao, kwa kuwa ilikuwa imefungwa ndani ya vifurushi vilivyofungwa ndani ya vifurushi vingine, na hakuna aliyeandika. Wakubwa wa dunia, wenye mafundi kwa maelfu, walikesha wakiuliza swali lile lile la yule kijana wa likizo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wapendao kila programu ije na shehena yake kamili ya moduli. Nawaelewa, kifurushi kamili hakigombani na jirani, na kwa kazi tunazozitunga wenyewe ndiyo njia ninayoipendekeza. Ila wao hununua diski bila ya kutazama bei, na intaneti kwao ni kama hewa. Kwetu, moduli ile ile ikirudiwa mara kumi ndani ya mashine moja yenye diski ndogo ni kifurushi cha data kilicholipiwa mara kumi, na siku ya kurekebisha ni kazi ya mara kumi. Basi yanayotumika na wengi yakae katika ghala la wote, yasimamiwe na mfumo, na yanayotumika na kazi moja tu yakae na kazi hiyo.

Wengine husema maneno haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa sasa kila kitu kitakaa mbali, katika mashine za watu wengine, nasi tutatazama tu kwa dirisha la intaneti. Huenda. Lakini mvua inyeshapo kwetu mtandao nao hulala, na kazi ya ghala haingoji. Tena kukiweka kitu mbali hakuondoi swali la mahali, bali hulizidisha uzito. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yamtaka mwenye kukusanya habari za watu azilinde. Nami nauliza, zahanati italindaje habari za wagonjwa wake ikiwa haijui zimelala katika chumba gani cha mashine gani? Sisi ambao tuliyaona maji ya Januari 2014, yalipoikata barabara kuu pale Dumila na kuingia majumbani mwa watu, hatuna haja ya kufundishwa kwamba gunia lililokuwa juu ya uchaga na gunia lililokuwa sakafuni hayakuamka sawa.

Ninachokitaka ni kidogo. Nataka kila fundi asakinishaye programu katika ofisi ya umma, shuleni, zahanatini au ghalani, aache karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili kinachosomeka, ieleze programu iko wapi, moduli alizoziongeza ziko wapi, na kumbukumbu za wenyewe ziko wapi. Na hizo za mwisho zisikae chumba kimoja na programu kwa hali yoyote ile, kwa maana programu hufutwa ikaletwa nyingine, ilhali kumbukumbu zikifutwa hakuna dukani zinakouzwa. Na nataka halmashauri zetu, ambazo hazimlipi mkandarasi wa choo mpaka mkaguzi akitazame, ziwe na ukali huo huo kwa mkandarasi wa programu.

Yule fundi wa kwanza alirudi miezi kadhaa baadaye, ameitwa kuunganisha mashine ya kuchapia. Alipomaliza alisimama mlangoni akingoja ujira wake, kofia ya bodaboda mkononi. Mama katibu alikuwa na bahasha ya fedha mezani, nayo ameikalia kwa kiwiko. Akamsogezea daftari la kurasa mia na kalamu, akamwambia kwa upole, "Kaa kitako, mwanangu, andika kwanza." Fundi akaandika mstari mmoja, akainua uso. Mama akausoma, akaugeuza ukurasa, akamrudishia kalamu.